Kufuatilia familia ya Kiyahudi iliyopelekwa kambini: anzia kwenye treni

Wengi wanaoniletea jina la babu au bibi yao hutaka tufungue kwanza vitabu vya wafungwa wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi nchini Poland. Usianzie huko. Waliopewa namba ya mfungwa ni waliochaguliwa kufanya kazi. Walioshushwa kwenye mabehewa na kupelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi, watoto na wazee wengi miongoni mwao, hawakusajiliwa kambini. Ukilikosa jina humo, usidhani mtu alinusurika.

Hatua ya 1: Andika jina, tarehe ya kuzaliwa na mji wa mwisho alikoishi. Shikilia tarehe, maana majina yaliandikwa kila namna. Ukikuta "Sara" au "Israel" limepachikwa kwenye hati ya Ujerumani kuanzia 1939, huenda wazazi hawakumpa jina hilo; Wanazi waliwalazimisha Wayahudi kulichukua.

Hatua ya 2: Tafuta orodha ya watu waliopakiwa kwenye treni ya kwenda kambini. Hapa ndipo ninapokaa siku nyingi. Kwa Ufaransa nenda Mémorial de la Shoah, kituo cha kumbukumbu ya mauaji hayo mjini Paris. Kwa Uholanzi, orodha za Westerbork, kambi ambako Wayahudi walikusanywa kabla ya kusafirishwa. Soma pia mistari ya juu na ya chini ya jina unalolitafuta, kwani baba, mama na watoto mara nyingi wamefuatana. Ukimkuta mtoto peke yake, simama hapo uwatafute wazazi kwenye treni za kabla yake. Kati ya Machi na Julai 1943 treni 19 zilitoka Westerbork kwenda Sobibor, kambi ya mauaji nchini Poland, na watu zaidi ya 34,000. Walionusurika ni 18.

Hatua ya 3: Ingia Arolsen Archives, hifadhi ya Ujerumani ya nyaraka za walioteswa na Wanazi, bure kwenye intaneti, yenye taarifa za watu takriban milioni 17.5. Kumbuka mfungwa aliyehamishwa kambi kwa kawaida alipewa namba mpya. Kisha fungua hati za ushuhuda za Yad Vashem, kituo cha kumbukumbu kilichoko Yerusalemu, ambazo hujazwa na ndugu au marafiki wa waliouawa, na tafadhali usiishie kwenye jina la marehemu: angalia chini nani aliijaza na ana undugu gani naye. Mara nyingine ndugu aliye hai hupatikana kwenye mstari huo.

Hatua ya 4: Ipime tarehe ya kifo. Mahakama za Ujerumani ziliwatangaza wengi kuwa wamekufa tarehe 8 Mei 1945, siku vita vilipokwisha Ulaya. Hata Anne Frank, msichana Myahudi aliyejulikana kwa shajara yake, aliandikiwa 31 Machi 1945, ingawa uchunguzi wa baadaye unaonyesha huenda alifariki Februari. Ukiwa na tarehe ya namna hiyo, andika siku treni ilipoondoka na ilikokwenda, na kando yake uandike wazi: "tarehe ya kisheria".