Mali kauli haiji hivi hivi: jinsi ya kutunza watu wa duka lako

Muulize mwenye duka la hadiwea mtaji wake ni kiasi gani, atahesabu nondo, bati na saruji zilizoko stoo, lakini yule saplaya wa Kariakoo anayempa mali kauli, yaani mzigo anachukua leo hela anapeleka akishauza, hamhesabu, na wale mafundi wanaomletea matajiri dukani, yaani wenye nyumba zinazojengwa, nao hawahesabu. Hao wakihama, saruji itaganda hapo hapo stoo.

Sasa anza hivi, nunua kaunta buku moja kubwa, kila mtu wako mpe ukurasa. Andika amenunua nini mara ya mwisho, anadaiwa au anakudai, alilalamikia nini. Kwa fundi andika na saiti yake imefikia wapi, maana fundi aliyeko kwenye lenta leo, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ujue kupaua hakuko mbali, atataka mbao, misumari na bati, mpigie wewe kabla hajapita duka lingine. Hii peke yake inalipa kuliko matangazo, naamini hivyo kabisa.

Mali kauli nayo ina adabu yake. Kama siku ya kulipa ni Ijumaa na unaona hela haitimii, piga simu Jumatano na upeleke hata nusu. Mimi niliwahi kuchukua mzigo wa rangi, mauzo yakalala, nikazima simu siku nne, baadaye nililipa yote mpaka shilingi ya mwisho ila kwa yule bwana nilinunua keshi miezi nane mizima. Deni alisahau, kuzimiwa simu hakusahau.

Fundi ukimwahidi chochote mpe siku hiyo hiyo, ila usimpandishie tajiri bei ili upate ya kumpa fundi, akigundua umewapoteza wote wawili.

Halafu namba ya simu iliyoko kwenye bango iwe laini ya duka, sio ya kijana wako wa mauzo, na lipa namba isajiliwe kwa jina la biashara. Kijana akipata kazi kwingine wateja wataendelea kumpigia yeye, na wala sio kwamba amekuibia, ni wewe uliyemwachia. Mlipe vizuri, na nenda naye Kariakoo mara moja moja saplaya amjue sura, ili siku unaumwa mzigo utoke bila wewe kuwepo.