Hesabu meno kwanza: maandalizi ya mashine ya Lego ya kuchora maua

Mashine ya kuchora maua inayojengwa kwa vipande vya Lego huwa imeshaamua mchoro wake kabla kalamu haijagusa karatasi, na kinachoamua ni meno ya gia. Kwa hiyo, kabla hujaunganisha hata vipande viwili, mwaga gia zako zote mezani, zipange kwa ukubwa, kisha hesabu meno ya kila moja. Gia za kawaida za Lego Technic, yaani Lego ya kujengea mashine, zina meno 8, 12, 16, 20, 24, 36 na 40. Sahani kubwa inayozunguka, ile itakayobeba karatasi, huwa na meno 56 ikiwa ya zamani na 60 ikiwa ya toleo la karibuni. Kwa macho zinafanana sana. Hesabu kwa kidole, jino kwa jino.

Chukua mashine nyepesi kabisa. Sahani inazungusha karatasi, na pembeni kuna gia moja iliyoshikana nayo. Juu ya gia hiyo umeweka pini, mbali kidogo na katikati, na pini hiyo inasukuma na kuvuta mkono wenye kalamu. Kila gia inapomaliza mzunguko mmoja, kalamu imekwenda nje na kurudi ndani mara moja: hiyo ni petali moja. Sasa weka gia ya meno 24 kwenye sahani ya 56. Gawanya namba zote mbili kwa 8, unapata 3 na 7. Maana yake karatasi itazunguka mara 3, mstari utarudi palepale ulipoanzia, na ua litakuwa na petali 7. Badilisha uweke gia ya 20, unapata petali 14 kwa mizunguko 5.

Jaribu gia zote saba na utagundua kwamba sahani ya 56 ikishikana na gia moja tu haikupi kingine zaidi ya petali 7 au 14. Ya 60 inakupa 3, 5 au 15. Sababu ni kwamba meno ya gia hizi zote yanagawanyika kwa 4, kwa hiyo hesabu inafupika haraka. Denys Fisher, aliyeitoa Spirograph, kifaa cha kuchezea cha kuchora maua kwa gia, huko Uingereza mwaka 1965, alikuwa na pete ya meno 105 ambayo kwa gia ya 64 haigawanyiki kwa namba yoyote ya pamoja, na ndiyo maana ilichora ncha 105. Sisi wa Lego tunalazimika kupanga gia kwa ngazi. Sahani ya 56 ishike gia ya 24. Kwenye ekseli hiyohiyo ya 24, yaani fito inayopita katikati yake, weka gia ya 20. Hiyo nayo ishike gia ya 12, na pini ikae juu ya hii ya mwisho. Saba kwa tatu, mara tano kwa tatu: petali 35 katika mizunguko 9. Nikiuona mchoro huo ukifunga mwanzo wake, bado moyo unanidunda. Ila ukichomeka gia moja ya kati bila kuweka ya pili kwenye ekseli yake, hujabadilisha idadi ya petali. Umegeuza tu upande wa kuzunguka.

Angalia pia nafasi. Jumlisha meno ya gia mbili, gawa kwa 2, na jibu ni umbali kati ya ekseli zake kwa milimita. Kwenye boriti, tundu hadi tundu ni milimita 8. Gia ya 24 na sahani ya 56 zinataka milimita 40, yaani nafasi tano kamili. Gia ya 24 na ya 16 zinataka 20, nafasi mbili na nusu, na boriti ya kawaida haina tundu hapo. Usizilazimishe, zitaruka meno.

Pini nyeusi zinabana. Hizo ni za fremu. Kwenye viungo vya mkono weka za kijivu zinazoteleza. Mashine yangu ya kwanza niliifunga yote kwa nyeusi, na kila petali ikatoka na kona ya mtetemo pale mkono ulipogeuka. Nilibadilisha pini mbili tu, mstari ukalainika.

Kalamu iwe ya jeli au makapeni nyembamba, kwa sababu kalamu ya kawaida ya wino mzito inahitaji kukandamizwa na mkono huu hauna uzito huo. Makapeni ikisimama mahali pamoja inaacha doa, basi anza kuzungusha kwanza ndipo uishushe. Karatasi ibanwe pembe zote nne. Mota inaweza kusubiri. Zungusha kwa mkono mpaka ujue mashine inakwama wapi.

Mwisho, kabla ya kuweka kalamu, tia alama ya penseli kwenye sahani na nyingine kwenye gia, zitazamane. Zungusha polepole huku ukihesabu. Kwa gia ya 24 na sahani ya 56, alama zitatazamana tena sahani ikimaliza mzunguko wa 3. Zikipishana hata kwa jino moja, kuna mahali gia inaruka: kaza fremu, rudia tena kuhesabu, ndipo ulete kalamu.