Jinsi ya Kuitazama Sanamu ya Mfalme Charles wa Kwanza, London

Wageni wengi wanaofika Uwanja wa Trafalgar huipiga picha nguzo ya Nelson pamoja na simba wake, kisha huondoka bila kujua kwamba upande wa kusini, katikati ya magari, amesimama mfalme juu ya farasi ambaye ni mkongwe kuliko uwanja wenyewe. Ipe nguzo mgongo, uvuke kwenye taa za waenda kwa miguu, na kabla ya kuuliza tarehe yoyote utazame kwanza mfalme ameelekea wapi: anaitazama barabara ya Whitehall, nako ndiko alikokatwa kichwa.

Sasa mtazame mwenyewe. Sanamu hii ya shaba ilisubiwa mwaka 1633 na Hubert Le Sueur, fundi kutoka Ufaransa, kwa ajili ya bustani ya waziri wa hazina, na mkataba ulitaka umbo la mfalme liwe na urefu wa futi 6 kamili, ilhali Charles alikuwa mtu mfupi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge, Bunge lilimuuzia sanamu hiyo mfua shaba aitwaye John Rivet kwa sharti kwamba aivunjevunje. Aliificha, na inasimuliwa kwamba huku nyuma aliwauzia watu vikorokoro akidai vimetokana na shaba yake. Biashara hiyo, kwa maoni yangu, inastahili nayo kuwekewa sanamu. Ufalme uliporejea mwaka 1660 sanamu ilijitokeza ikiwa nzima, na mwaka 1675 ikasimikwa hapa.

Mahali penyewe hapakuchaguliwa ovyo. Hapo ndipo uliposimama msalaba wa mwisho kati ya 12 ambayo Mfalme Edward wa Kwanza aliijenga kila mahali jeneza la mkewe Eleanor, aliyefariki mwaka 1290, lilipolala njiani kuelekea Westminster. Bunge liliubomoa mwaka 1647, na mwaka 1660 baadhi ya waliomhukumu Charles wakauawa papo hapo. Inama usome kibao kilicho chini nyuma ya sanamu: umbali wa kufika London hupimwa kutoka hapo. Usidanganyike na msalaba mrefu ulio mbele ya stesheni ya Charing Cross, kwani huo ulijengwa mwaka 1865.

Kisha fuata macho ya mfalme. Teremka Whitehall kwa dakika chache hadi Banqueting House, ukumbi wa karamu wa kasri la zamani la Whitehall, upande wa kushoto, mkabala na askari wa farasi wa Horse Guards. Jengo hilo halifunguliwi kila siku, hivyo ulizia mapema. Ukifanikiwa kuingia, inua kichwa uone dari iliyochorwa na Rubens kwa agizo la Charles mwenyewe, ambaye tarehe 30 Januari 1649 alipitishwa chini yake kwenda kwenye jukwaa la kukatiwa kichwa lililokuwa nje ya dirisha.