Menyu ya dialog kwenye kompyuta ya mjomba, Gerezani

Mjomba anauza spea za magari Gerezani, Dar es Salaam. Kompyuta yake ni kuukuu, hata mausi haina, kwa hiyo nilimtengenezea menyu ya teminali (skrini ya maandishi matupu) kwa skripti inayotumia programu ya dialog, inayochora masanduku ya kuchagulia: uza, pokea, kopesha, funga. Siku ya tatu akanipigia simu. "Mjomba, njoo. Mchana sioni kitu, na mshale wa chini umekufa."

Kweli. Ikifika saa tisa jua linapiga kioo, na mstari uliochaguliwa hautofautiani na mingine. Mshale ulikuwa umeshiba grisi.

Tengeneza kwanza faili la mipangilio:

dialog --create-rc ~/.dialogrc

Lifungue kwa nano, programu ya kuhariri maandishi. Zima kivuli cha sanduku, `use_shadow = OFF`; kwenye kioo kilichofifia ni uchafu tu. Kisha rangi. Ndani ya mabano inaanza rangi ya maandishi, inafuata ya nyuma yake, mwisho ni kukoleza:

item_selected_color = (WHITE,RED,ON)
tag_selected_color = (WHITE,RED,ON)
tag_key_selected_color = (YELLOW,RED,ON)

Badilisha yote matatu. Mimi niligusa la kwanza tu, mstari ukatoka vipande vipande. Tena nilianza na njano, mjomba akaniangalia kama nimemletea jezi ya Yanga. Yeye ni Simba. Nyekundu ikapita bila mjadala.

Vitufe ndiyo penye kazi. Mwisho wa faili ongeza:

bindkey menubox \152 ITEM_NEXT
bindkey menubox \153 ITEM_PREV

Herufi huandikwa kwa namba yake ya okta: `\152` ni j, `\153` ni k. Sasa j inashuka, k inapanda. Usiweke nyota (*) badala ya `menubox`, yaani sanduku la menyu: nyota inashika masanduku yote, hata lile la kuandikia jina la mteja. Halafu kuna hili: kwa kawaida ukibonyeza herufi, menyu inarukia kipengele kinachoanza nayo. Ukishaipa k kazi nyingine, haikupeleki tena kwenye "kopesha". Nikakibadilisha jina kikawa "deni", na d inakifikia mara moja.

Maneno ya vibonye hayamo kwenye faili hilo. Yanaandikwa kwenye skripti yenyewe, kabla ya `--menu`:

--ok-label "Sawa" --cancel-label "Toka"

Hifadhi, endesha skripti upya. Mimi nilimalizia kwa kubandika vipande vya selotepu juu ya j na k, nikachora mishale kwa kalamu.