Ukija Mombasa, jua kwanza unaingilia wapi

Kila Disemba nyumba yetu hapa Majengo hujaa wageni, na kila mwaka simu ni ile ile: "Nishafika, njoo unichukue." Namuuliza yuko wapi. Yuko Miritini, kwenye stesheni ya treni. Au yuko uwanja wa ndege. Au yuko Likoni, majumba ya mjini anayaona kwa macho lakini katikati kuna maji. Basi hajafika bado.

Mombasa mjini ni kisiwa, na kwa mgeni kina milango mitatu: Makupa kwa anayetoka Nairobi, daraja la Nyali kwa anayetoka Malindi na Kilifi, na feri ya Likoni kwa anayetoka kusini, kuanzia Kwale mpaka Tanga na Dar es Salaam. Kabla hujauliza nauli, jiulize utaingilia mlango upi na saa ngapi.

Wengi siku hizi wanakuja kwa SGR, treni ya reli mpya, na mimi mwenyewe nawashauri hivyo, hasa wenye watoto. Tiketi unakata kwa simu, *639#, na unalipa kwa M-Pesa. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Disemba na Pasaka usingoje wiki ya safari, nafasi zinakwisha mapema. Beba kitambulisho kile kile ulichokatia tiketi, na ufike Syokimau, stesheni ya Nairobi, saa nzima kabla, kwa sababu mabegi yanapangwa chini yanuswe na mbwa, kisha yapitishwe kwenye mashine. Kisu usibebe, hata kile kidogo cha kumenyea maembe.

Saa ya treni ndiyo inayowaponza watu. Ile ya asubuhi inasimamasimama njiani, lakini unapita Tsavo mchana, ndovu unaweza kuwaona dirishani, na unashuka Miritini jua bado lipo. Ya alasiri inakufikisha usiku. Ya usiku inakushusha kabla hakujapambazuka, na hapo uko bara, nje ya kisiwa, na mizigo yako. Mpwa wangu alishuka na hiyo akidhani stesheni iko mjini, akalipa teksi ya kwanza iliyomwita bei ambayo ingemleta nyumbani mara tatu. Ukishuka mchana, matatu za mjini zipo pale nje. Ukishuka usiku, panga mtu wa kukupokea au agiza teksi kwa programu ya simu, bei uione kabla hujaingia.

Ndege nayo ni hivyo hivyo. Kutoka Nairobi haimalizi saa moja hewani, lakini uwanja wa Moi uko Port Reitz, bara. Mwenye begi moja anaweza kuchukua boda mpaka Magongo, akapanda matatu ya mjini. Mwenye mizigo achukue teksi, wapatane kwanza.

Basi la Nairobi ni safari ndefu, usiku mzima, na barabara ina malori mengi. Lakini lina sifa moja ambayo treni haina: linavuka Makupa na wewe, na mengi yanaishia Mwembe Tayari, katikati ya kisiwa. Kwa mzee mwenye magunia ya viazi ya kuletea wajukuu, hilo ni jambo kubwa. Wa Malindi na Kilifi hawana shida, matatu zinakuja moja kwa moja kupitia Mtwapa na Nyali. Waepuke tu asubuhi ya siku ya kazi, maana daraja hujaa magari.

Likoni ndiko ninakotaka unisikilize vizuri.

Anayevuka kwa miguu halipi kitu. Unaingia bandani na kungoja, lango limefungwa, watu wamesongamana bega kwa bega. Feri ikifika, ule ulimi wa chuma unashuka unakwaruza zege, na walio ndani wanamiminika kwanza. Kisha lango linafunguliwa na kila mtu anateremka kwa pamoja. Hapo mshike mtoto mkono, si nguo wala begi, mkono. Kaa pembeni, uwapishe wenye mikokoteni. Mkokoteni wa nazi ukishashika kasi kwenye ule mteremko, mwenyewe hawezi kuusimamisha, ndiyo maana anapiga kelele, "Pisha! Pisha!" Na ukiona feri imejaa, ngoja nyingine. Sisi wa hapa hatujasahau Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu zaidi ya 250 wakafa. Kungoja kidogo si hasara.

Asubuhi umati unatoka Likoni kuja mjini, jioni unarudi. Mgeni anayelala mjini ana bahati: akienda Diani asubuhi na kurudi jioni, anakwenda kinyume na umati. Mama yangu mdogo alisafiri usiku kutoka Dar, basi likafika Likoni saa moja asubuhi, likakaa foleni mpaka jua likawa kali. Angeweza kushuka na kuvuka kwa miguu, lakini dawa zake za presha zilikuwa kwenye sanduku, chini kwenye buti ya basi. Dawa, hati ya kusafiria na pesa ziwe kwenye mkoba ulio nao mkononi.

Na kama shabaha yako ni Diani, huna haja ya kuingia kisiwani. Barabara ya Dongo Kundu inaanzia Miritini na kutokea Kibundani, ng'ambo ya Likoni, bila feri.

Ukishaingia kisiwani, tuktuk inakutosha. Patana kabla hujakaa. Mji wa Kale tembea kwa miguu, vichochoro vyake havitaki gari.

Na ukinipigia simu usiniambie uko "mjini". Nitajie jina: Sabasaba, Posta, Ferry. Ukisema Mwembe Tayari, simama kivulini tu, nakuja kwa miguu.