Kujifunza pikipiki ukubwani: nilivyofanya mimi hapa Kigoma mpaka nikapata leseni

Mwaka 2022 serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani, ya kwangu ilifika ofisini na nailoni yake kwenye siti, ikakaa hapo wiki 5. Wenzangu wanaume waliondoka na zao siku ileile. Mimi nilikuwa na miaka 43, nimezoea kukaa upande nyuma ya bodaboda na kumshika kijana bega. Kila asubuhi naifuta vumbi, bosi akiuliza namwambia bado nasoma kitabu chake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mwalimu. Nilimchukua kijana wa kijiwe cha jirani, anaendesha utadhani amezaliwa juu ya tanki. Akanipandisha, akawasha, akasema, "Mama, achia klachi tu, itaenda yenyewe." Ikaenda yenyewe kweli, mpaka kwenye ua wa michongoma wa shule ya msingi. Kujua kuendesha na kujua kumweleza mtu ni kazi mbili tofauti. Kabla hujatoa hela mwambie mtu akueleze, pikipiki ikiwa imezimwa, klachi inafanya nini. Akianza kucheka, tafuta mwingine.

Wa pili alikuwa mtoto wa dada yangu, fundi pikipiki Ujiji. Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kuwasha. "Mama mdogo, leo unaisukuma tu." Nikaisukuma uwanja mzima, nikaipinda kushoto na kulia, nikaiweka stendi na kuitoa mara ishirini hivi. Halafu akailaza chini makusudi, akaniambia niinue. Ile ni zaidi ya kilo 100, lakini huinui kwa mikono. Unazima swichi, unaitia gia isibingirike, unaigeuzia mgongo na kuchuchumaa makalio yakigusa siti, mkono mmoja usukani, mwingine chuma cha nyuma, kisha unarudi kinyumenyume kwa nguvu ya miguu. Kama itaangukia upande usio na stendi ndogo, afadhali, kwa sababu unaweza kuifungua stendi kabla hujainua. Tangu siku hiyo hofu yangu ilipungua nusu, maana nilichokuwa nakiogopa hasa ni kuanguka mbele ya wanafunzi nishindwe kuiinua.

Sasa klachi, ule wenzo wa mkono wa kushoto: ukiubana unakata nguvu ya injini isifike tairini, ukiuachia inarudi. Hapa kaa muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Gia ya kwanza, miguu yote chini, usiguse mafuta kabisa. Achia klachi kidogo kidogo mpaka usikie mlio wa injini unashuka na pikipiki inataka kukuvuta. Hapo ndipo inaposhika. Ishikilie hapo, sogea hatua moja, bana tena. Rudia mpaka kiganja kianze kuuma. Mimi nilifanya jioni tatu nzima, na kijana wa kijiwe akipita ananicheka, "Mama bado tu anatambaa?" Bado natambaa, ndiyo.

Kuna jambo hakuna aliyeniambia kabla ya mtoto wa dada. Pikipiki ikiruka ghafla mwili wako unabaki nyuma, na mkono wa kulia ulioshika usukani unavutwa pamoja na mwili. Kwa hiyo unapiga mafuta zaidi bila kutaka, nayo inazidi kuruka. Ndiyo siri ya ile michongoma. Dawa yake ni mbili: kifundo cha mkono wa kulia kikae chini, usishike kama unayekamua nguo, na ukishtuka, bana klachi kabla ya kitu kingine chochote. Injini inaweza kupiga kelele inavyotaka, klachi ikibanwa haikupeleki popote.

Gia uliza kabla ya kupanda. Kuna pikipiki zinazokanyagwa chini zote, na kuna zile za moja chini zilizobaki juu. Ukijifunzia moja na kufanyia mtihani nyingine utajikuta umeshusha ulipotaka kupandisha.

Breki ya mbele watu wa kwetu wanaiogopa, wanakanyaga ya nyuma peke yake. Kumbe ukifunga breki uzito mwingi unakwenda tairi la mbele, kwa hiyo ya mbele ndiyo inayosimamisha. Tumia zote mbili, ya mbele ibane pole pole kama unayekamua chungwa, usiipokonye. Na usiibane kabisa usukani ukiwa umepinda. Mimi niliibana nikiwa nageuza mwendo wa kutembea kwa miguu, nikalala chini bila hata kujua nimeangukaje, na bomba la moshi likanichoma shavu la mguu. Alama ninayo.

Mlima ndio mtihani wa Kigoma wenyewe. Anayejifunzia bondeni akifika kwenye mpando wa kutoka stesheni kwenda Mwanga atajua hajui. Nilizimikiwa katikati ya ule mpando, Hiace ya abiria nyuma yangu, kondakta ametoa kichwa ananipa ushauri nisiouomba. Hivi ndivyo inavyofanywa: mguu wa kulia unakanyaga breki ya nyuma, wa kushoto uko chini. Piga mafuta kidogo, achia klachi mpaka inaposhika. Utaona nyuma ya pikipiki imechuchumaa kama mbuzi anayetaka kuruka. Hapo ndipo unaachia breki, si kabla. Ukiachia mapema unarudi nyuma, ukiwahi na mafuta bila klachi unapiga kelele tu. Kushuka, weka gia ya pili injini ikushike, usitie nyutro ili kuokoa mafuta kama wanavyofanya vijana. Mteremko mrefu kwa breki tupu unazichosha, na siku zitakapokataa hutapata nafasi ya kujadiliana nazo.

Mavazi nitasema kwa akina mama wenzangu, wanaume wanajua yao. Kitenge juu ya suruali ni sawa, lakini ncha yake ifungwe mbele au ikaliwe, isining'inie upande wa cheni. Viatu vya kufunga. Kofia ngumu ifungwe mkanda wa kidevuni, kwako na kwa abiria wako. Ya kuegesha kichwani ni mapambo.

Na mawese. Madumu yanabebwa kwa pikipiki, yanavuja, mvua ya kwanza ikinyesha pale yalipomwagika panakuwa kama sabuni. Ukiona doa la rangi ya chungwa barabarani usipinde wala usifunge breki juu yake, pita umenyooka bila kuongeza mafuta. Udongo mwekundu wa vijijini uliolowa nao hivyohivyo.

Upande wa makaratasi si mgumu, ni wa foleni tu. Unahitaji namba ya mlipakodi, TIN, na leseni ya kujifunzia, na pikipiki ibandikwe herufi L mbele na nyuma. Daraja uliangalie vizuri: A1 ni kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 125, A ni kwa zile kubwa zaidi. Wengi hapa wanaendesha za cc 150 wakidhani ndogo zote ni sawa. Polisi wa usalama barabarani ndio wanaotahini, TRA, mamlaka ya mapato, ndio wanaotoa kadi baada ya picha na alama za vidole. Jamaa mmoja aliniambia anaweza kunipatia bila kutahiniwa, nitume hela tu. Sikutuma. Mkono haujui klachi, kadi itanisaidia nini kwenye ule mpando?

Alama usizikariri moja moja, kariri maumbo kwanza. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza. Duara la bluu linakuamuru. Pembetatu iliyogeuzwa, mpishe mwenzako. Pembe nane ni simama kabisa, hata kama hakuna mtu. Nilikuwa nikipanda gari la Mwandiga naziita kimoyomoyo moja baada ya nyingine kabla hatujazifikia. Kiplefti tulichora kwa majivu uwanjani, tukaweka tofali katikati, mtoto wa dada akijifanya lori la kutokea kulia ili nikumbuke kumpisha.

Mara ya kwanza nilifeli. Maswali nilijibu yote, mwendo wa barabarani nilikwenda vizuri, lakini kwenye umbo la nane kati ya koni nilishusha mguu mara mbili. Trafiki hakunifokea, aliniuliza tu, "Mama, ulikuwa unaangalia wapi?" Nilikuwa naangalia koni. Pikipiki inakwenda macho yanakokwenda: ukiangalia koni utaifuata koni. Geuza kidevu mpaka pale unapotaka kutokea, klachi nusu, mafuta kidogo yasiyobadilika, mguu unagusagusa breki ya nyuma. Nilirudi uwanjani wiki mbili na makopo manane ya rangi. Mara ya pili nilipita, ingawa kopo la mwisho, samahani, koni ya mwisho niliikosa kwa upana wa kidole. Trafiki alinikumbusha pia kugeuza shingo nyuma kabla ya kuingia barabarani, kwa kuwa kioo hakioni kila kitu. Leseni yenyewe ni ya miaka 5, tarehe nimeiandika nyuma ya mlango wa kabati.

La mwisho ni la kwetu huku. Ukianza kwenda vijijini kila mtu atakusalimia, na salamu ya Kiha haijibiwi kwa kupunga mkono ukipita. Safari ya kwanza niliinua mkono wa kushoto kumwitikia bibi mmoja, gia ikiwa ya kwanza, mkono ule ndio ulikuwa kwenye klachi. Pikipiki ikaruka, ikazima, bibi akajifunika uso. Sasa nasimama kabisa, naweka nyutro, nazima, navua kofia, ndipo naitikia.