Somo: Kuunda malenga wa kampeni ya peke yako, D&D toleo la 5

Wakuu, salaam. Wengi wanaipenda D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu na karatasi) ila kundi halipatikani: huyu yuko shifti, yule kahama mkoa, na wa kuendesha mchezo ndiyo kabisa haonekani. Basi cheza peke yako. Shida ni kwamba kanuni zilipangwa kwa watu wanne watano wanaozibiana mapengo. Ukiingia pangoni na mpiganaji wa kawaida, utawakata maadui vizuri tu, halafu utakwama kwenye kufuli au kwa mlinzi wa geti mwenye maswali mengi.

Kipimo changu ni kimoja: kwa kila kikwazo, mhusika awe na njia mbili za kukivuka. Ya kwanza ikigoma, hadithi isiishie hapo.

Natumia kanuni za 2014, kwa sababu muhtasari wake rasmi, SRD 5.1, uliachiwa kwa leseni ya Creative Commons Januari 2023. Unaupakua bure, na karibu yote nitakayoyataja yamo.

Hatua ya 1: Fani

Fani ni aina ya kazi ya mhusika. Chukua malenga, msanii anayetumia uchawi, kwenye kanuni anaitwa Bard. Najua kuna watakaosema kuhani. Kuhani ana deraya nzuri na anajitibu, lakini kunyata si kazi yake, na kufuli zinamtazama tu. Malenga anachagua stadi tatu zozote, anaponya tangu levo 1, na akifika levo 2 anapata nusu ya nyongeza ya umahiri (namba inayoongezwa kwenye dadu kwa stadi unazozijua) hata kwenye stadi asizozijua. Nusu hiyo inaingia mpaka kwenye kura ya nani aanze vita. Watu wengi huisahau.

Hatua ya 2: Asili

Nusu-elfi (mzazi mmoja binadamu, mwingine elfi, kiumbe wa hadithi), bila mjadala. Anapata +2 kwenye Mvuto, +1 mbili za kuweka unapotaka, stadi mbili zozote, na anaona gizani hadi futi 60. Asiyeona gizani hubeba mwenge, na mwenge unamtangaza kwa kila kilichomo pangoni.

Hatua ya 3: Namba

Namba sita za kawaida za uwezo wa mhusika ni 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Zigawe hivi: Mvuto 15, Wepesi 14, Ustahimilivu 13, Busara 12, Akili 10, Nguvu 8. Ukiweka nyongeza za nusu-elfi, Mvuto unakuwa 17, Wepesi 15, Ustahimilivu 14. Levo 4 ikifika, ongeza moja kwenye Mvuto na moja kwenye Wepesi. Zote mbili zinaruka daraja kwa mpigo, yaani nyongeza zake kwenye dadu zinapanda.

Nguvu 8 isikutishe. Ukikamatwa na adui, kanuni zinakuruhusu kujinasua kwa sarakasi badala ya misuli, na sarakasi inategemea Wepesi.

Hatua ya 4: Stadi

Hapa ndipo mhusika wa peke yake anapopona au anapokufa, kwa hiyo usiharakishe. Una stadi saba za kuanzia: tatu za fani, mbili za asili, mbili za historia yake. Mimi huchukua utambuzi, kunyatia, ushawishi, kusoma nia za watu, uchunguzi, sarakasi na kuishi porini. SRD ina historia moja tu iliyokamilika, ya mtumishi wa hekalu, lakini inakuruhusu kutunga yako: stadi mbili, pamoja na lugha au vifaa viwili. Kwenye vifaa chagua vya kufungulia kufuli. Bei yake dhahabu 25, kwa hiyo huenda ukasubiri kidogo kuvinunua, ila ujuzi tayari unao.

Levo 3 unaingia College of Lore, tawi la malenga wenye elimu, na kuongeza stadi tatu. Jumla kumi, kati ya kumi na nane zilizopo kwenye mchezo mzima. Levo hiyohiyo unachagua mbili za kuzidisha umahiri mara mbili. Weka utambuzi na kunyatia. Najua ushawishi unavutia, lakini Mvuto wako tayari unaubeba. Utambuzi wa kimyakimya, ule usiorushiwa dadu, unatoka 13 hadi 15, na kundi lako zima la walinzi wa usiku ni wewe.

Hatua ya 5: Uchawi

Una aina nne: Sleep (kulaza), Healing Word (kuponya), Disguise Self (kujigeuza sura) na Longstrider (kuongeza mwendo). Ya mwisho hudharauliwa, lakini inakupa futi 40 kwa zamu, saa nzima, wakati goblini, kijitu kiovu cha mapangoni, anakwenda 30. Kukimbia nako ni mbinu.

Sasa tazama kwa nini Sleep. Malenga wa levo 1 ana uhai 10, na akivaa deraya ya ngozi kinga yake ni 13. Goblini mmoja, kwa nyongeza yake, anampata akirusha 9 au zaidi, yaani mara 12 kati ya 20, na kila pigo ni wastani wa uhai 5 hadi 6. Mapigo mawili, umelala chini. Goblini watatu wakikuzunguka, zamu moja inatosha kukumaliza. Sleep inarusha dadu tano za pande nane, wastani wa 22, na goblini mmoja ana uhai 7. Watatu ni 21, kwa hiyo kwa wastani wanakoroma wote. Ila hailazi maiti wanaotembea wala elfi. Kwa hao unayo Longstrider na miguu yako.

Hatua ya 6: Kibarua

Wengi wanairuka hatua hii. Uhai ukifika 0 unazimia, na aliyezimia hawezi kutumia Healing Word wala kunywa dawa iliyo mfukoni mwake. Hapo unarusha dadu ya uhai na kifo, peke yako, huku adui amesimama juu yako.

Ajiri mtu. Kibarua asiye na ujuzi analipwa vipande viwili vya fedha kwa siku. Mpe mkoba wa tiba, bei dhahabu 5, una matumizi kumi, na kuutumia hakuhitaji dadu: anakufunga jeraha, hali inatulia. Baada ya saa moja hadi nne unaamka na uhai 1. Mwambie akae nyuma, asipigane.

Maswali ya wanachama

Mkuu, asante kwa somo. Sina dadu za pande ishirini, huku kwetu haziuzwi. Nifanyeje?

Tumia dadu ya ludo na karatasi. Andika 1 hadi 10 kwenye vikaratasi, vikunje, tia kwenye kikombe. Rusha ludo: ikitoka 1 hadi 3, namba ya kikaratasi inabaki ilivyo, 4 hadi 6, ongeza 10. Dadu ya pande nane, toa vikaratasi vya 9 na 10. Ya pande nne ni ludo, ila 5 na 6 unarusha tena. Rudisha kikaratasi kila mara, la sivyo bahati inakwenda kombo.

Mbona usichukue paladini, yule askari mtakatifu? Anapiga, ana deraya, anajiponya.

Ni mzuri, sikatai. Lakini fani inampa stadi mbili tu, na deraya ya minyororo inamharibia kunyata. Hadithi yako ikiwa ya vita mfululizo, mchukue. Ikiwa na mji, fitina na wizi ndani yake, utachoka kubomoa milango.

Nani anaamua kama mlinzi kanisikia, ikiwa mimi ndiye kila kitu?

Kusikia kuna kanuni: kunyatia kwako dhidi ya utambuzi wake. Usiulize bahati swali ambalo kanuni zinajibu. Yale yasiyo na kanuni, kwa mfano kama mlinzi huyo anapokea rushwa, andika swali la ndiyo au hapana kabla ya kurusha. Ludo 1: hapana, na mambo yanaharibika zaidi. 2 na 3: hapana. 4 na 5: ndiyo. 6: ndiyo, na kuna ziada. Swali liandikwe kwanza, maana ukirusha kabla utajipendelea.

Nianze levo 1 au 3?

Mgeni wa mchezo aanze 1, ajifunze, lakini asikutane na adui zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Mzoefu aanze 3: uhai 24, na unaweza kujifunza Invisibility (uchawi wa kutoonekana).

Kibarua akifa je?

Unarudi mjini kutafuta mwingine, na habari zimeshafika kabla yako. Kanuni hazisemi lolote hapo. Mimi wa pili humlipa fedha tano kwa siku, na anataka za siku tatu mkononi kabla hajafunga mzigo.